Shungi la Mama Akaiti

Mara ya mwisho mliniacha nacheka. Kisahauni kicheko kile, maana hakikufika mbali.

Kwa anayenikuta leo: jina langu ni Upokoina, watu wa Mangere, mtaa wetu hapa Auckland, wananiita Poko, na kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuigiza mbele ya kamera. Nilikuwa na ukumbi wa kanisa, nikanyang'anywa. Nilikuwa na mshirika, akahamia upande wa pili wa Auckland na wanafunzi wangu, akawaambia wazazi kwamba mimi nimepitwa na wakati. Nikabakiwa na mwanafunzi mmoja tu, Teariki, mtoto wa kaka yangu Nooroa. Na huyo hakubaki kwa mapenzi. Alibaki kwa sababu huwezi kumhama shangazi yako.

Halafu huyo huyo mmoja akachaguliwa kuwa mtoto mkuu katika filamu ya watu wa ng'ambo, na mimi nikaajiriwa kuwa mwalimu wake kwenye seti. Ndipo nilipocheka. Nilidhani balaa limenichoka. Kumbe lilikuwa limekaa chini kidogo, linapumua.

Teariki ana miaka minane, na nywele zake hazijawahi kuguswa na mkasi tangu azaliwe. Zinamfika kiunoni. Kwetu sisi watu wa Visiwa vya Cook, mtoto wa kiume hufugwa nywele mpaka siku yake. Siku hiyo ukoo mzima unakuja, mtoto anakalishwa kwenye kiti kilichofunikwa tivaevae, yale mashuka ambayo mama zetu huyashona kwa mkono mpaka macho yanauma. Nywele zinagawanywa mashungi, kila shungi na utepe wake, na kila mgeni anakata la kwake.

Shungi la kwanza, lile la kisogoni, lina mwenyewe. La Teariki lilikuwa la bibi yake, mama yangu, Mama Akaiti. Yeye ndiye aliyemsuka kila Jumapili kabla ya ibada, tangu nywele zile zilipokuwa laini kama manyoya ya kifaranga. Wajukuu wengine wote alishawakatia. Huyu ndiye wa mwisho, na magoti ya mama yangu hayamdanganyi kuhusu muda aliobakiwa nao.

Siku ilikuwa Jumamosi. Ndugu walikuwa wameshaanza kutua kutoka Rarotonga, kisiwa chetu, na Sydney, wanalala mpaka jikoni. Tukio la mwisho la Teariki kwenye filamu lilikuwa Alhamisi.

"Leo unamaliza," Nooroa alimwambia mwanawe akimfunga mkanda kwenye gari langu asubuhi ile. "Jumamosi unakuwa mwanaume. Ijumaa unaruhusiwa kuwa mtoto, ila usizoee."

"Na wewe ulikuwa mwanaume lini, Baba?"

"Muulize mama yako."

"Mama anasema bado anasubiri."

Nooroa alibamiza mlango huku anacheka. Kumbukeni hicho pia. Ndicho kicheko cha mwisho katika habari hii.

*

Kabla sijafika studio, niwaambie kanuni yangu, maana ndiyo iliyotuua.

Mtoto mbele ya kamera huvunja tukio kwa vitu vidogo. Kiatu kikichomoka, anasimama. Akikosea neno, anamtazama mama yake. Mimi huwaambia watoto wangu jambo moja kabla ya yote: ukishaanza, usisimame mpaka usikie neno "basi". Neno hilo ni la mwongozaji. Si lako, si langu, si la mama yako. Nzi akiingia puani, endelea naye.

Mazoezi ya Teariki tuliyafanya jikoni kwa Mama. Yeye anasema maneno yake, mimi naangusha masufuria nyuma yake. Siku moja mbwa wa jirani aliingia akala mkate mkononi mwake, na Teariki akaendelea mpaka mwisho, machozi ya tukio yanamtoka, mkate unamalizika.

"Mtoto huyu mtamfanya mwendawazimu," Mama alisema akiwa kwenye jiko.

"Ninamfanya mwigizaji, Mama."

"Mimi sioni tofauti."

Hata machozi tulikuwa tumeyapangia. Kamera ikikaa kushoto kwake, jicho la kushoto ndilo linaloanza. Msinicheke. Mwezi mzima ulipita, na aliweza.

*

Mwongozaji wa filamu yetu aliitwa Whitlow, mrefu, mwenye sauti ya upole ambayo ilikuwa haipandi hata akimfukuza mtu. Alinikuta kwenye meza ya chai.

"Poko, nimepata wazo."

Nikaweka kikombe chini. Wazo la mwongozaji siku ya mwisho halijawahi kumletea mwalimu heri.

"Baba wa kambo amkate mtoto nywele," alisema. "Anamnyang'anya mtoto kitu cha mwisho alichonacho. Umeona lilivyo? Filamu nzima inalala juu ya hilo."

"Kateni wigi."

"Wigi linaonekana wigi."

"Tafuteni wigi zuri. Nywele za mtoto yule zina siku yake, na siku yenyewe ni keshokutwa. Nilikwambia siku ya kwanza kabisa."

"Ni nywele, Poko. Zitaota."

"Zitaota, ndiyo. Ila hazitaota zile alizozaliwa nazo. Na mwenye kuzikata yupo nyumbani sasa hivi anapanga riboni. Ukitaka, nikupeleke ukamweleze wewe. Ana mwiko mkubwa wa kupikia."

Alinitazama kidogo, akatabasamu. "Sawa. Wigi."

Alikubali haraka mno. Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angeshtuka. Mimi niliona nimeshinda, nikajimiminia chai nyingine.

Msusi wa filamu, Bronwyn, binti mpole wa mikono myepesi, alimlaza Teariki nywele zake kichwani kwa vibanio, akamvika wigi juu. Nilikagua. Hapakuwa na kinachoonekana. Teariki alijitazama kwenye kioo.

"Shangazi, nafanana na Bibi."

"Bibi yako mzuri kuliko wewe."

Kisha Whitlow akaja. "Nimchukue mara moja. Nataka nimpe siri yake ya tukio."

Hilo ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Mwongozaji humnong'oneza mwigizaji neno ambalo wengine hawalijui, ili uso wake ubebe kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Teariki kwamba siri ya mwongozaji haitolewi, hata kwa mwalimu. Nikasema mchukue.

Walisimama nyuma ya pazia la seti. Niliona viatu vyao tu. Vya Whitlow vilisogea karibu, vya Teariki havikusogea. Bronwyn akaitwa naye, akaenda na vibanio vyake, akarudi akiwa hanitazami usoni. Nilidhani amechoka.

*

Tukapiga tukio.

Mimi nilikaa mbele ya skrini, Bronwyn pembeni yangu. Teariki kwenye kigoda, mguu juu ya alama ya utepe sakafuni, sawasawa. Mzee anayeigiza baba wa kambo akashika mkasi. Nywele za wigi zikaanza kuanguka mapajani mwa mtoto. Teariki katulia. Uso umejaa, hauna kelele. Nikasema moyoni, wazazi walionihama njooni muone.

Halafu mzee akapeleka mkono kisogoni, chini, akavuta kitu, akakata.

Macho ya Teariki yalifunguka. Kwa nukta moja hakuwa mtoto wa kwenye filamu. Alikuwa mtoto wa kaka yangu. Mdomo ukatikisika kama anataka kuita. Hakuita. Akameza, akarudi ndani ya tukio, na chozi likashuka.

Jicho la kushoto.

"Umeona?" Nilimshika Bronwyn mkono. "Umeona jicho? Kazi yangu hiyo, yangu."

Bronwyn alitazama sakafuni. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Whitlow aliacha kamera iendelee. Aliacha mpaka watu wakasahau kupumua. Kisha akasema, taratibu kama anavyosema yote, "Basi."

Seti nzima ilipiga makofi. Na mimi nilipiga. Ndugu msomaji, niliwapita wote. Nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Nikakimbia kumkumbatia. Nikapiga magoti mbele ya kigoda, nikamvuta kifuani, na hapo harufu ikanifikia. Mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ambayo Mama huyachemsha na maua uani kwake.

Wigi halinuki mafuta ya mama yangu.

Nikamfungua ngumi aliyokuwa ameifumba mapajani. Ndani yake kulikuwa na shungi jeusi, zito, limesukwa Jumapili iliyopita na mkono ninaoujua.

"Shangazi," alisema, "sikusimama. Ulisema nisisimame mpaka nisikie basi."

Nikamfumba tena vidole juu ya shungi lile.

*

Nilimkuta Whitlow anatazama tena tukio kwenye skrini.

"Ajali," alisema kabla sijafungua mdomo. "Mzee alishika chini zaidi."

"Si ajali." Alikuwa Bronwyn, nyuma yangu, analia. "Aliniambia niache shungi moja chini ya wigi. Alisema Poko ameshakubali. Dada, naapa, alisema umekubali."

Nilimgeukia Whitlow. Hakukana. Aliinua mabega.

"Hilo ndilo tukio bora katika filamu nzima. Kila mtu ameliona. Na wewe uliliona, Poko. Ulipiga makofi."

Nimetukanwa na wengi katika maisha yangu. Hakuna tusi lililoniingia kama hilo, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ndani ya gari Teariki alivaa kofia ya sweta lake akaivuta mpaka kwenye nyusi. Shungi alilishika mapajani kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Tulipita daraja la Mangere.

"Alikunong'oneza nini kule nyuma ya pazia?" niliuliza.

"Ni siri ya mwongozaji."

"Teariki. Mimi ni shangazi yako."

"Wewe ndiye uliyesema haitolewi."

Nikabadili gia. Mbele kidogo akauliza, "Bibi atalia?"

"Nitasema mimi. Wewe nyamaza tu. Umenisikia? Leo huigizi. Nitasema mimi."

"Ndiyo, Shangazi."

*

Nyumba ilikuwa imejaa. Shangazi zangu wawili kutoka Rarotonga wamekaa sakafuni wanatunga maua, bakuli la mainese, saladi yetu ya viazi, liko mezani limegeuka jekundu kwa viazisukari, Nooroa anamenya magimbi ya taro mlangoni. Na katikati ya sebule, kwenye kiti chake kilekile, Mama Akaiti. Beseni la maji ya vuguvugu miguuni. Kitana. Chupa ya mafuta. Boksi la riboni alizokata kwa mkono wake.

"Mume wangu amefika," alisema. Ndivyo anavyomwita mjukuu wake. "Njoo nikuoshe. Leo tunagawa mashungi. Lile langu nimelitafutia utepe mwekundu."

"Mama," nilianza, "kuna jambo..."

Teariki alinipita.

Alitembea mpaka dirishani, pale ambapo mwanga wa jioni ulikuwa unaingia. Akasimama, uso nusu kwenye mwanga. Akashusha kofia.

"Bibi," alisema, na sauti ikavunjika mahali panapotakiwa kuvunjika, "nimefanya vibaya. Nilichukua mkasi kwenye chumba cha nguo. Nilitaka tu kujua inakuwaje. Shangazi hakuwepo. Shangazi hana kosa."

Akanyoosha mkono na shungi juu yake.

Shangazi mmoja alidondosha maua. Nooroa alisimama, kisu cha taro kikaanguka, akavua kandambili.

"Umefanya nini wewe? Umefanya nini?"

"Nisamehe, Baba."

Na chozi likashuka. La kushoto. Dirisha lilikuwa kushoto.

Kila kitu pale nilikitambua. Bega moja chini. Pumzi kabla ya neno "nisamehe". Nilivifundisha vyote jikoni, hatua chache kutoka hapo, huku naangusha masufuria. Alikuwa anajitoa ili mimi nipone, na alikuwa mzuri kiasi kwamba baba yake mzazi alikuwa ameinua kandambili.

Nikasema, "Basi."

Alisimama palepale. Bega likarudi juu, uso ukafutika, machozi yakafungwa kama bomba. Sebule nzima iliona.

"Mungu wangu," shangazi mwingine alinong'ona. "Hiki ni kitoto au ni jini?"

Mama hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi. "Sema."

Nikasema. Wazo la Whitlow, wigi, vibanio, mzee na mkono wake kisogoni. Nikasema hata makofi yangu, sikuyaficha. "Wamemnyang'anya, Mama. Walimkata kwa hila, na mimi nikiwa nimekaa pale naona fahari."

Nooroa alikuwa ameshakamata ufunguo wa gari. Mama aliinua kidole kimoja, Nooroa akakaa.

"Kama amenyang'anywa," Mama alisema taratibu, "ameibiwa. Mtoto aliyeibiwa bado ana siku yake. Jumamosi ataketi kwenye kiti, nitakata la pili, na lile la kwanza tutalilia mbele ya watu wote. Nitaweza hilo." Alilichukua shungi, akaliweka mapajani, akalilaza na kiganja. "Njoo, mume wangu. Maji yanapoa."

Nilipumua. Nawaambia ukweli, kwa mara ya kwanza siku ile nilipumua.

Teariki hakwenda.

"Hapana, Bibi," alisema. "Aliniuliza."

"Nani?"

"Mwongozaji. Nyuma ya pazia. Aliniuliza kama nitakubali shungi moja la kweli. Alisema nikikubali, Shangazi atapata kazi kwenye filamu zake zote. Nikasema ndiyo."

"Alikuuliza," Mama alisema, "na wewe ukasema ndiyo."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulijua ni la nani?"

"Nilijua."

Mama alifunga boksi la riboni. Hakulibamiza. "Kama umelitoa mwenyewe, sherehe yako umeshaifanya huko, mbele ya wageni wako uliowachagua. Hakuna Jumamosi. Nooroa, utawaambia watu warudi makwao."

"Mama, ni mtoto," Nooroa alisema. "Anadanganya. Si umemuona sasa hivi? Anamtetea dada yangu. Dakika mbili zilizopita alikuwa anadanganya kwa mkasi."

"Nimemuona." Mama alinigeukia. "Poko. Wewe ndiye mwalimu wake. Hii ni kweli, au bado ni ile kazi yenu?"

Wote waligeuka. Shangazi zangu, kaka yangu na ufunguo wake, mama yangu na shungi mapajani. Jumamosi nzima ilikuwa imekaa ulimini mwangu.

Nilimtazama Teariki. Alikuwa ameondoka dirishani. Alisimama katikati ya chumba, palipo na giza kidogo, mikono chini, sauti haina rangi, machozi hakuna. Ndivyo mtoto anavyosimama akisema kweli.

Na hilo ndilo somo la mwisho nililompa, lile gumu kuliko yote, tulilolihangaikia wiki nzima mpaka akaliweza: ukitaka wakuamini kabisa, usifanye chochote.

Nilitazama bega. Nilitazama pumzi. Nilitazama jicho la kushoto.

Lilikuwa kavu, nalo lilikuwa linanitazama mimi, na halikuniambia kitu.

"Niambie," Mama alisema.